Nilivyopata utando wa selulosi na udongo unaoachia dawa polepole kwenye kidonda

Ushauri unaorudiwa sana ni huu: chukua utando wa selulosi ya bakteria (nyuzi zinazotengenezwa na bakteria), uloweke kwenye bentonaiti (aina ya udongo mfinyanzi) iliyochanganywa na antibayotiki, ukaushe, basi. Haufai. Vitundu vya utando ni vidogo mno, udongo unabaki juu kama ukoko, na ukikauka unapukutika. Kinachoingia ndani ni dawa peke yake, nayo inatoka kwa mkupuo.

Udongo upewe dawa kwanza. Naloweka gramu 1 ya bentonaiti ya sodiamu usiku kucha kwenye mililita 100 za maji yaliyokenekwa, maana unga mkavu hufanya madonge. Kama ni ya kalsiamu, ikoroge kwanza kwenye mmumunyo wa chumvi wa molari 1, kisha uioshe mpaka tone la nitreti ya fedha lisifanye tena ukungu mweupe. Natia gramu 0.2 za tetrasaiklini haidrokloridi, ndiyo antibayotiki yenyewe, nashusha pH hadi 3, nafunika kwa karatasi ya alumini kuzuia mwanga, nakoroga saa nne. Kwenye pH hiyo dawa ina chaji chanya na matabaka ya udongo yana chaji hasi, kwa hiyo inajipenyeza katikati. Osha kwa maji ya pH hiyohiyo uondoe dawa isiyoshikwa.

Utando wenyewe nausaga kwa blenda, na hapa ndipo kazi yote ilipofunguka. Gramu 100 za utando mbichi zina takriban gramu 1 tu ya nyuzi kavu. Zitie gramu 0.1 ya udongo wenye dawa, ukizidisha sana utando unakatika ukikunjwa. Changanya, chuja kwa pampu, kandamiza kati ya karatasi za kuchujia, kausha kwa nyuzijoto 40. Angalia maji yanayoshuka: yakiwa ya manjano, sodiamu haidroksaidi ya kusafishia bakteria bado imo kwenye nyuzi na inaing'oa dawa. Nyuzi zioshwe mpaka pH 7 kabla ya kuchanganya.

Wanaopima utokaji wa dawa kwenye maji matupu hulalamika kwamba udongo umeing'ang'ania dawa. Lazima uing'ang'anie! Majimaji ya kidonda yana chumvi, na sodiamu ndiyo inayochukua nafasi ya dawa. Tumia mmumunyo wa chumvi wenye fosfeti, pH 7.4, nyuzijoto 37, usome kiasi cha mwanga kinachofyonzwa na dawa karibu na nanomita 360.

Kwa kujaribu dhidi ya bakteria Staphylococcus aureus, kila baada ya saa 24 hamishia vipande vilevile kwenye sahani mpya ya agari ya Mueller-Hinton (chakula cha kuoteshea bakteria) iliyopakwa bakteria hao. Kipande chenye dawa bila udongo huanza na duara kubwa lisiloota bakteria, linalotoweka upesi. Chenye udongo huanza na dogo linalodumu. Usiache kipande chenye udongo bila dawa: nacho kikitoa duara, kuna kitu hakikuoshwa.