Migongo Mlangoni

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa.

Somo la wiki hii ni Marko 2:1-12, yule aliyepooza akabebwa na watu wanne. Wale wanne tumeshawasifu sana. Mimi safari hii nimekwama kwa waliojaa mlangoni. Hawakuwa watu wabaya, walikuja kusikiliza Neno kama sisi. Ila mgonjwa aliona migongo yao tu.

Nikakumbuka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona alitangazwa nchini Tanzania Machi 16, kesho yake shule zikafungwa. Kigoma hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa Rwanda. Makanisa na misikiti vilibaki wazi, na Aprili 17 hadi 19 taifa likasali siku tatu. Tulisali kweli, tukajifukiza nyungu mpaka macho yakawa mekundu. Lakini woga ulifunga milango ambayo serikali haikuifunga. Wenye presha na sukari wakaacha kwenda kliniki, wakihofia kurudi na korona. Na wa vijiji vya mwambao wa ziwa, ambao mgonjwa wao hupanda boti hadi bandari ya Kibirizi ndipo afike hospitali ya Maweni, wao sijui hata tuliwafikiria.

Kuna bibi wa jumuiya yetu hapa Mwanga. Tulimpelekea sabuni na unga, tukaviacha kizingitini, tukapaza sauti kwa mbali: "Shikamoo bibi, hujambo?" Naye ndani: "Marahaba wanangu, sijambo, Mungu ni mwema." Tukaondoka roho nyeupe.

Mjukuu wake ndiye aliyekuja kuniita. Juu ya kigoda palikuwa na kisahani na wembe. Vidonge vya presha, kila kimoja amekikata nusu, na nusu nyingine amezikata tena. Dozi ya mwezi alitaka imfikishe miezi mitatu. Miguu imevimba, ndala hazimwingii.

"Bibi, mbona hukusema?"

"Mliniletea unga, mwanangu. Dawa hamkuuliza."

Nilikosa pa kutazama.

Aliyembeba hakuwa mmoja wetu. Ni kijana wa bodaboda, Mwislamu wa Ujiji (Ijumaa mchana humpati kijiweni). Alipoona tunajadiliana uani, aliuliza jambo moja tu: "Kadi yake ya kliniki iko wapi?" Akampakia polepole, bibi kajifunga kitenge puani, mjukuu nyuma akimshikilia, wakaenda zahanati. Nauli alikataa.

Marko anasema Yesu aliiona imani *yao*. Ya wabebaji. Na dari la mwenye nyumba lilitobolewa ili mgonjwa ashushwe kwa Yesu, wala hatusikii mtu akigombezwa.

Jumamosi, kabla ya rozari, naomba tuulizane: nani anatumia dawa za kila mwezi, na tarehe yake ya kliniki ni lini? Tuanze na bibi. Kadi yake siku hizi huiweka ndani ya Biblia, na ukimuomba akuoneshe, atakuonesha.