Kito, Topela na ile taa ya ziwani

Jana usiku nimemaliza picha ya mwisho ya kitabu cha binti yangu, ilikuwa kama saa nane hivi, nyumba nzima imelala, nikaianika mezani ikauke nikakaa tu naiangalia. Miaka miwili, jamani. Nilianza akiwa chekechea, sasa yuko darasa la pili na anasoma mwenyewe.

Hadithi yenyewe ni ya samaki mdogo aina ya furu anaitwa Kito, na rafiki yake, samaki aina ya kamongo, anaitwa Topela. Mimi nilitaka hadithi ya ziwa letu, Victoria, maana mtoto wa hapa Kirumba, Mwanza, anaamka na harufu ya dagaa, anayaona mawe ya Bismarck kila akipanda daladala, halafu kila kitabu cha kichawi anachoshika kina theluji na wafalme wa kule mbali. Sivikatai, anavipenda na mimi namsomea. Ila uchawi wa humu ziwani nani atauchora?

Na uchawi upo kweli, hata huhitaji kutunga sana. Furu jike wa huku anatunza mayai yake mdomoni, yakishaanguliwa bado watoto wanakaa mlemle, wanatoka kucheza kidogo, ikitokea hatari mama anafungua mdomo wote wanarudi mbio ndani. Sasa Kito siku hiyo alienda mbali kidogo kuangalia jiwe, sangara mkubwa akapita, mama akafungua mdomo, wenzake wakaingia, mama akafunga akaondoka. Kito kabaki nje. Binti yangu hapo huwa ananishika mkono, hata leo ambapo ameisikia mara hamsini.

Sangara nimemchora kama kivuli tu, hana jicho, hana meno, anapita anajaza kurasa mbili zote. Aliletwa humu ziwani miaka ya 1950 na wapo waliofikisha kilo mia na zaidi, furu wa aina mamia wakapotea, yaani kwa furu yule ndiye zimwi lenyewe.

Kamongo ndiye alinisumbua. Mrefu, ana rangi ya tope, mapezi kama kamba, hana sura ya kitabu cha watoto hata kidogo. Nikaenda mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, asubuhi moja na daftari, nikamkuta mzee mmoja anashona nyavu, nikamwambia shikamoo, nachora kamongo. Akaniambia, "Kijana, huyo samaki ukimzuia asipande juu kuvuta hewa anakufa maji kama mtu." Basi hapohapo hadithi yangu ikafunguka! Maana nilikuwa nimekwama kwenye taa.

Ipo hivi. Ukikaa ufukweni usiku wa giza unaona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga kule mbali kama mji mwingine umejengwa majini. Mbalamwezi ikiwaka sana wanapumzika, dagaa hawaifuati taa vizuri. Siku hizi wengi wana taa za sola ila mimi nimechora karabai, ndiyo niliyokua nikiiona. Kito anaona ile nuru anasema mama yuko pale, samaki wote wanaenda kule, lazima ni pazuri. Na Topela, ambaye wenzake wote wanamcheka kwa sababu kila baada ya muda lazima aache mchezo apande juu kuhema, anapanda, anatoa pua nje ya maji, na yeye peke yake ndiye anaona kilichoko juu ya taa. Mtumbwi. Watu. Wavu.

Anashuka anamwambia Kito twende upande wenye giza. Kito analia, hataki, anamwambia wewe hujui kitu. Topela hamvuti wala hamkemei, anatangulia polepole na mkia wake anauacha karibu. Hiyo ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote.

Zile kurasa za usiku nilizirudia zote nne. Kwenye simu zilionekana safi, nikapeleka steshenari kuprinti, zikatoka nyeusi tii, Topela haonekani kabisa, na hela imeshaenda. Iliniuma sana. Nikaja kuelewa kwamba simu ina mwanga wake wa ndani, karatasi haina, kwa hiyo nikachora upya usiku kwa bluu, na pale kwenye karabai sikuweka rangi yoyote, nikaacha karatasi yenyewe nyeupe.

Halafu kuna suala la kurasa. Kijitabu cha kukunja na kupiga pini katikati kurasa zake lazima zigawanyike kwa nne, na mimi nilikuwa nazo 22. Mwisho wangu ulikuwa Kito anamkuta mama kwenye mawe, basi, wanafurahi. Nikamsomea binti yangu, nikamuuliza tuongeze nini kwenye kurasa mbili.

Akafikiri, akasema, "Baba, lakini Kito amekua. Ataenea mdomoni kweli?"

Nilinyamaza. Kwenye picha zangu mwenyewe nilikuwa nimemkuza kidogo kidogo bila kufikiria, na rangi zimeanza kumtoka, bluu na wekundu kwenye mkia kama wale furu wa mawe tunaowaita mbipi.

Kwa hiyo ukurasa wa 23 mama anafungua mdomo, Kito anaingiza kichwa, mabega yanakwama. Wanaangaliana. Binti yangu akauliza sasa atalala wapi, nikamwambia chora wewe.

Ukurasa wa 24 kauanza yeye kwa penseli, mimi nimepaka rangi tu. Kuna mawe mawili makubwa yamebebana kama yale ya mjini kwetu, katikati pana upenyo mdogo, Kito yuko ndani kichwa kimetazama nje, na juu kabisa kwenye maji kuna pua ya Topela inahema.

Leo jioni nampelekea aone rangi.