Mbwa mdogo wa mbegu safi Nairobi: pesa hutoka baada ya kununua

Spitz wa Kijapani hapa Nairobi huuzwa kuanzia kama shilingi 15,000 hadi 40,000. Maltese na Shih Tzu kwa kawaida hupita hapo, na mwenye cheti cha East Africa Kennel Club, chama kinachosajili mbwa wa mbegu safi, hupita zaidi. Wanunuzi hung'ang'ania kupunguziwa elfu mbili tatu, ilhali gharama kubwa inawasubiri katika miezi minne ya kwanza.

Anayeuzwa kwenye foleni ya magari, ndani ya katoni, ndiye ghali kuliko wote. Mara nyingi ametolewa kwa mama kabla ya wiki nane na hana chanjo, nao parvo, ugonjwa wa kirusi unaoshambulia utumbo, huwapenda sana wa umri huo. Kwanza anakataa kula, kisha anatapika, halafu anaharisha damu yenye uvundo. Hakuna dawa iliyozoeleka ya kukiua kirusi chenyewe; analazwa, anatundikiwa maji siku kadhaa, na bili hupita kwa urahisi bei uliyomnunulia. Akifa, kirusi hubaki kwenye udongo miezi mingi. Sabuni haikiui. Sakafu ya saruji isugue kwanza mpaka uchafu wote utoke, kisha mwagia Jik, sehemu 1 kwa maji sehemu 20, uiache dakika 10. Udongo hauna Jik ya kuutosha, kwa hiyo atakayefuata aje akiwa amemaliza chanjo.

Kadi ya chanjo isomwe, isitazamwe tu. Chanjo halisi huacha stika iliyobanduliwa kwenye kichupa, yenye namba ya toleo na tarehe ya kuisha, na kando yake sahihi ya daktari. Tarehe zilizoandikwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, bila stika, zihesabu kama hakuna. Ukianza upya ni sindano ya wiki ya 6 hadi 8, irudiwe kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16, na ya kichaa cha mbwa akifika miezi mitatu. Tuseme kliniki yako inatoza 2,000 kwa sindano: nne ni 8,000, bado ya kichaa, dawa ya minyoo kila wiki mbili hadi wiki ya 12, na leseni ya kaunti.

Chakula ndicho nafuu. Mbwa wa kilo 5 hula kama gramu 100 za chakula kikavu kwa siku, yaani kilo 3 kwa mwezi. Akiwa mchanga mpe mara nne kwa siku. Wadogo hawa wakikaa na njaa sukari hushuka, wanatetemeka na kulegea. Mpake asali kwenye ufizi, kisha kwa daktari mbio.

Kupe ni suala la kila mwezi. Nunua dawa inayouzwa kwa uzito wa mbwa. Ile ya kuogeshea ng'ombe, ambayo watu huikadiria kwa kifuniko, ni sumu kwa mwili wa kilo 3.

Maltese huhitaji kuchanwa kila siku na kinyozi kila wiki 4 hadi 6. Spitz hanyolewi kabisa, manyoya yake yana tabaka mbili na huweza kuota vibaya. Meno ndiyo husahaulika: yamesongamana, yanashika ugaga, na kuyakwangua kunahitaji nusukaputi. Mswaki mara kadhaa kwa wiki huahirisha bili hiyo, ila tumia dawa ya meno ya mbwa, si yako.