Wachimbaji wa Mui Wafunzwe Kabla ya Mgodi Kufunguliwa

Jumapili iliyopita mpwa wangu alifika kwangu Kayole akitokea Kitui, na baada ya chai akaniuliza kama inafaa asomee kazi ya migodi, ilhali makaa ya mawe ya Bonde la Mui, huko huko Kitui, ambayo amesikia habari zake tangu akiwa shule ya msingi, bado yamelala ardhini. Nilimwambia, "Mwanangu, mgodi ukifunguliwa kabla hamjafunzwa, mtaishia kulinda lango."

Sheria ya Uchimbaji Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye leseni awape Wakenya kipaumbele katika ajira na mafunzo. Hata hivyo, fundi hapatikani kwa siku moja. Shahada ya uhandisi wa migodi, ambayo hufundishwa Chuo Kikuu cha Taita Taveta na Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), huchukua miaka mitano, na mhandisi mmoja huhitaji mafundi wengi nyuma yake: wa umeme, wa mitambo, wa kupima ardhi, wa kuendesha mashine nzito, na hasa mkaguzi anayepima gesi kabla ya zamu kuingia.

Huyo mkaguzi ndiye ninayemfikiria zaidi. Methani, gesi inayotoka kwenye makaa, ikifikia kati ya asilimia 5 na 15 ya hewa, cheche moja hutosha kuilipua, na vumbi la makaa likitimka huweza kuusambaza moto huo mgodi mzima. Huko Courrières, Ufaransa, mlipuko wa vumbi uliua watu 1,099 mwaka 1906. Kwa sababu ya hatari kama hizo, Marekani humtaka mchimbaji mgeni wa chini ya ardhi apate saa 40 za mafunzo, kisha saa 8 za marudio kila mwaka. Mimi ningependa vijana wetu wapewe zaidi ya hizo, na kwa lugha wanayoielewa vizuri, kwa kuwa onyo la gesi halingoji mkalimani.

Mpwa wangu aliniuliza itakuwaje makaa hayo yasipochimbwa kamwe. Ni swali la haki, maana dunia inayapunguza na huenda Mui ikabaki ilivyo. Ndiyo maana nilimshauri aanze na umeme wa viwandani, ufundi unaohitajika pia kwenye magadi ya Kajiado na viwanda vya saruji vya Athi River, kisha masomo ya usalama wa migodi yafuate. Leo asubuhi amenipigia simu kuniuliza karo ya muhula wa kwanza.