Nilivyorudishiwa pumzi na kwaya ya mtaa

Nilimaliza dozi ya kifua kikuu mwezi Juni, baridi ya Moshi imeshaanza na mlima umejifunika mawingu tangu asubuhi. Miezi sita nimemeza vidonge bila kuruka hata siku moja: miwili ya kwanza dawa nne, minne iliyofuata dawa mbili, na sikulipa hata senti maana matibabu ya TB kwetu ni bure. Makohozi yakapimwa, yakawa safi. Nesi akanipa mkono, akaniambia, "Umepona, mama. Hongera sana." Nikashukuru, nikatoka, na kabla sijafika getini nikaegemea ukuta kutafuta pumzi.

Hilo sikuwa nimelitegemea. Wadudu wa TB hufa kwa dawa, lakini mapafu yanaweza kubaki na makovu, na mtu aliyepona akaendelea kuhema kama anapanda mlima. Mimi nauza mitumba soko la Memorial. Pale usipoita wateja huuzi. Nilikuwa nikisema "Elfu mbili, elfu mbili, chagua mwenyewe!" sauti inakatikia kwenye elfu mbili ya pili. Na kulikuwa na jambo jingine lililoniuma kuliko kifua. Aliyekuwa akituuzia chai alinitengea kikombe chekundu cha plastiki, changu peke yangu. Cheti cha kupona nilikuwa nacho kwenye pochi, lakini kikombe kilibaki kilekile.

Mwaliko nilipewa na mteja. Mwalimu mstaafu alikuja kutafuta mashati meupe, akasimama kwenye meza yangu muda mrefu akinisikiliza ninavyoita. Akasema, "Mama, sauti unayo. Ulichopungukiwa ni pumzi. Njoo Jumamosi saa 10 jioni, tunaimba pale shuleni Pasua." Nilimweleza ukweli wangu wote palepale. Akaniambia nikaulize kwanza kituo cha afya. Nikauliza, wakaniruhusu, wakanisisitizia niache kuimba nikisikia kizunguzungu au maumivu ya kifua. Namwambia na mwenzangu anayesoma hapa akiwa bado kwenye dozi: maliza dawa kwanza, pima, ndipo ukasimame katikati ya watu kuimba.

Watu wakisikia kwaya ya mtaa hapa kwetu wanadhani ni ya kanisa, kwa sababu Walutheri nao wana mitaa yao. Yetu ni ya majirani tu. Wamo Walutheri, Wakatoliki, na akina mama Waislamu waliokulia kwenye kaswida, ambao kwa kushika mapigo hakuna anayewafikia. Tunaimba kwenye harusi, misiba na shughuli za kata. Mchango ni shilingi 1,000 kwa wiki, ya kutolea nakala.

Siku ya kwanza Mwalimu alitoa mfukoni chuma chenye meno mawili, akakigonga kwenye goti, akakisogeza sikioni akafumba macho. Chuma hicho hutetema mara 440 kwa sekunde, kinatoa sauti ileile kila siku, na kutoka hapo yeye anaitafuta *do* ya wimbo. Akatupa sauti, kundi moja baada ya jingine. Mimi akaniweka sauti ya pili.

Wimbo wa kwanza ulikuwa wa taifa. Nilishangaa kidogo, maana nani asiyeujua? Akauandika ubaoni kwa herufi za solfa, zile za *do, re, mi*, sauti zote nne. Akatuambia aliyetunga muziki huo, Enoch Sontonga, alikuwa mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya kule Johannesburg, akautunga mwaka 1897 na kuuandika kwa herufi hizihizi. Alifariki mwaka 1905. Sisi tuliuchukua kwa maneno ya Kiswahili tulipopata uhuru mwaka 1961. Nimeuimba tangu darasa la kwanza, mstarini, kila asubuhi, na sikuwahi kujua kwamba chini ya njia ile niliyoizoea kuna njia nyingine inayotembea nayo. Nilipoishika sauti ya pili na wenzangu wa sauti ya kwanza wakapita juu yangu, mwili mzima ulinisisimka.

Lakini sikufika mwisho wa ubeti. Nikanyamaza, nikainamisha kichwa.

Mwalimu hakunisema. Alianza kutufundisha kupumua, wote, kana kwamba wote tulikuwa na shida hiyo. Alisema tuache kuinua mabega. Tupanue mbavu na tumbo, hewa ishuke chini, kwa sababu anayevuta pumzi ni kiwambo, ule msuli mpana ulio chini ya mapafu. Kisha tutoe hewa taratibu kwa "sss" huku yeye akihesabu kwa kugonga chaki mezani. Nilifika saba. Mzee mmoja wa sauti ya nne alifika thelathini na moja na akaonekana bado anayo akiba.

Nyumbani nikawa nalala chali mkekani kila usiku, nimeweka pakiti ya chumvi ya nusu kilo juu ya kitovu. Ukivuta hewa vizuri pakiti inapanda. Ukivutia mabegani inatulia tu hapo. Wiki ya kwanza ilitulia. Nililala nikiitazama hadi macho yakachoka. Wiki ya tatu ikaanza kupanda, na mwanangu wa mwisho akawa anakuja kulala pembeni yangu na pakiti yake ya majani ya chai.

Ila kilichonishika nisiache si mazoezi hayo. Ni jinsi kwaya inavyopumua. Kuna sehemu za wimbo ambazo sauti inavutwa ndefu kuliko pumzi ya mtu yeyote. Mwalimu alitupanga tupokezane: jirani yako akiimba, wewe unanyamaza kimya kimya, unavuta hewa, unarudi polepole bila kugonga neno, kisha naye anakwenda kuvuta yake. Anayesikiliza nje anasikia sauti moja isiyokatika. Miezi yote ile nilidhani nikiishiwa pumzi nimeharibu. Pale nikaambiwa nikiishiwa ninyamaze, wenzangu wameshika, nirudi nikiwa tayari.

Jirani yangu wa kupokezana alikuwa bibi mmoja kutoka Tanga. Nakala moja watu wawili, na miwani yake ilivunjika kioo kimoja, kwa hiyo nilikuwa nikimsomea herufi sikioni: *mi, mi, fa, mi*. Vichwa vyetu viligusana. Jumamosi ya nne nikaona lazima nimwambie. Nikasema, "Bibi, mimi nilikuwa naumwa TB. Nimepona, lakini ni vizuri ujue." Akajibu, "Nalijua hilo, mwanangu. Haya, nisomee, hapa baada ya *so* kuna nini?"

Kijana wangu mkubwa alinisomea siku moja kwamba mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Gothenburg, Sweden, walipima mioyo ya vijana wakiimba pamoja, wakakuta mapigo yao yanapanda na kushuka kwa pamoja, kwa sababu wimbo ndio unaowapangia lini wavute pumzi na lini waitoe. Na kwamba Uingereza kuna vikundi vya kuimba vya watu wenye maradhi sugu ya mapafu. Sikushangaa hata kidogo. Nilikuwa nimeshausikia moyo wa bibi yule begani kwangu.

Mwezi Desemba tulikwenda Kibosho, msiba wa baba wa mwenzetu wa sauti ya nne. Koasta ilituacha barabarani, tukapanda kwa miguu kati ya migomba, njia ina tope la mvua ya usiku. Nilisimama mara mbili tu. Mwezi Juni nisingefika hata mwanzo wa kihamba, shamba la migomba la ukoo. Tuliimba pembeni ya kaburi, na ubeti wa mwisho una sauti ndefu kabisa, ile tuliyoihangaikia tangu Septemba. Bibi alikuwa amechoka na ule mlima. Nikamsikia anaachia mapema, kabla ya zamu yake. Nikavumilia. Nikaivuta mbavu zikiwa wazi kama nilivyofundishwa, nikaishika sauti ya pili hadi alipovuta hewa yake taratibu, akarudi, akanigusa kiwiko. Ndipo na mimi nikanyamaza, nikapumua.