Bedford ya Baba, Mjomba na barabara ya Zambia

Bedford TJ, lile lori la zamani lenye pua, haimwendei mtu mbio. Barabara ikiwa tambarare na mzigo ukiwa mwepesi, yetu inatembea kilomita 50 kwa saa bila kinyongo. Ukiilazimisha ifike 60, usukani unatetema, difu inalia, na wewe na uliyekaa naye mnaanza kuongea kwa kupiga kelele. Ndiyo maana niliitaka hiyo na si gari jingine. Nilitaka Mjomba aipite tena njia ya Dar es Salaam mpaka Tunduma kwa mwendo alioipita akiwa utingo.

Tumeshapita naye kwa basi mara nyingi, kwenye misiba na harusi za kwetu Mafinga. Ndani ya basi Mjomba hulala. Nikimwamsha nimuulize kuhusu mahali, tumeshapapita, naye hujibu, "Ah, mama, pale palishakwenda." Basi la siku hizi linakimbia kuliko kumbukumbu ya mzee wa miaka 77.

Kwa wadogo zangu mnaoijua barabara hii kwa mabasi ya Mbeya na foleni za mlima Kitonga tu, hebu nirudi nyuma kidogo. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kule Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe. Mwezi uliofuata Uingereza ikaizuilia Rhodesia mafuta. Zambia ilikuwa ndiyo kwanza imetimiza mwaka mmoja tangu ipate uhuru wake, haina bahari, na mafuta yake yalikuwa yakipitia huko huko kwa Smith. Ikabaki imebanwa. Mlango mkuu uliobaki wazi ulikuwa Dar es Salaam. Mafuta yakapelekwa kwa ndege, na yakapelekwa kwa malori: mapipa ya lita 200 yakienda, shaba ikirudi. Barabara yenyewe sehemu kubwa ilikuwa ya udongo. Kiangazi ni vumbi la kumficha aliye mbele yako, masika ni tope. Magazeti ya Kiingereza yaliiita Hell Run. Mwaka 1966 ikaundwa kampuni ya Zambia-Tanzania Road Services, ikaleta malori ya Fiat yenye matela, lakini matajiri wadogo wenye lori moja au mawili nao walikuwemo. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA likaanza kupeleka mafuta Ndola, umbali wa kilomita 1,700 hivi. Lami ikafuata, na baada yake reli ya TAZARA, iliyojengwa kuanzia 1970 na kukabidhiwa 1976.

Mjomba aliingia kwenye lori mwaka 1967, akiwa na miaka 19. Tajiri wake alikuwa mtu wa Iringa mwenye Bedford ya pua kama hii yetu.

Hii yetu Baba aliinunua kutoka chama cha ushirika, tayari ikiwa imechoka. Ilibeba mahindi, ikabeba mbao za Sao Hill, ikatusomesha. Baba alipofariki iliegeshwa Kibaha chini ya mwembe. Mimi nauza spea Gerezani, kwa hiyo angalau nilijua pa kuanzia. Fundi wetu, kijana mwenye mikono mitulivu, alibadilisha ringi za pistoni, akasafisha tangi la dizeli lililojaa kutu, akaweka mipira mipya kwenye silinda za breki na brekishuu zilizobandikwa upya. Tairi ni 8.25-20 za tyubu, na rimu zake ni za ile pete ya chuma. Wanaozijua wanajua: unapojaza upepo hukai mbele yake, na mnyororo unaupitisha kwanza. Gia nne, na ya kwanza haina adabu. Kwa kurudisha gia unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia, unapiga resi kidogo, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Baba alinifundisha hivyo nikiwa sekondari, na mguu haujasahau.

Tulitoka alfajiri. Mimi kwenye usukani, Mjomba kushoto kwangu na kofia yake ya sufu, fundi katikati na magoti juu kwa sababu ya gia. Kibaha, Mlandizi, Chalinze: malori, bodaboda, malori. Sina la kusema hapo isipokuwa kwamba kila dereva wa semi aliyetupita alipiga honi, na kila honi Mjomba aliijibu kwa kunyanyua mkono kama mbunge.

Msamvu aliniomba nipunguze. Hapo Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipinduka, watu wakaenda kukinga petroli iliyomwagika, moto ukalipuka. Waliofariki walizidi 100. Mjomba alivua kofia. Alisema enzi zao pipa likipasuka dereva alikuwa wa kwanza kukimbia, na utingo wa kwanza kuwafukuza watoto. Kisha akanyamaza mpaka Doma.

Hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa 1964, inakatwa na barabara hii kwa takriban kilomita 50. Wenye magari madogo hulalamikia matuta na faini za kugonga wanyama. Sisi kwa mwendo wetu tungeweza kuwahesabu swala mmoja mmoja. Nyati walikuwa upande wa kulia, twiga karibu kabisa na lami. Mjomba alitusimulia lori linapokufa hapa usiku: hakuna kushuka, hata haja ndogo ni dirishani, na asubuhi utingo ndiye anayetangulia kukanyaga chini kwa sababu dereva ana thamani zaidi. Aliyasema hayo bila uchungu wowote. Mimi uchungu niliuona.

Tulilala Ruaha Mbuyuni. Nilipanga hivyo makusudi, maana Kitonga unaupanda asubuhi injini na hewa vikiwa bado na ubaridi. Jioni tulikula ugali na samaki wa mtoni, wauza vitunguu wakitusogelea na mafungu yao, na mibuyu imesimama kila upande mpaka mlimani. Wazee wawili walilizunguka lori, mmoja akafungua boneti bila kuomba ruhusa. Sikumzuia. Alikuwa analiangalia kama ndugu aliyerudi kutoka mbali.

Sasa Kitonga. Nilikuwa nimemwomba fundi achonge kabari ya mti mgumu, yenye mpini mrefu, kwa maelekezo ya Mjomba. Kazi ya utingo wa zamani kwenye mlima haikuwa kukaa kwenye kiti. Lori likiingia gia ya kwanza, utingo anaruka chini, anatembea nyuma ya tairi la nyuma na kabari mkononi, hatua kwa hatua, mpaka juu. Gia ikikataa, au injini ikizima, ana muda wa kutupa kabari mara moja. Akichelewa, lori lenye mapipa linarudi nyuma, na kwa upande mmoja ni ukuta wa jiwe, upande wa pili ni hewa. Mjomba alipanda Kitonga kwa miguu namna hiyo masika na kiangazi, kwenye utelezi wa udongo mwekundu, wakati mwingine pekupeku kwa sababu ndala zinateleza.

Fundi alitembea na kabari sehemu ya chini, palipo na nafasi pembeni ya lami. Mjomba alitoa kichwa dirishani akimwelekeza: "Karibu na tairi, mwanangu! Usiangalie juu, angalia tairi!" Sauti hiyo sijawahi kuisikia kwake. Ilikuwa sauti ya kijana wa miaka 19. Kona zilipobana na semi za Kongo zikaanza kuteremka, nilimwita fundi arudi ndani, na tukaendelea na gia ya kwanza, sindano ya joto ikipanda polepole. Kwenye kituo cha pembeni rejeta ilianza kuchemka. Tukasimama, tukaweka mawe na kabari, tukakata matawi tukayatandaza nyuma yetu barabarani kama inavyotakiwa. Rejeta ya moto haifunguliwi, na maji baridi hayatiwi kwenye injini inayochemka, utapasua hedi. Unakaa, unangoja. Dereva mmoja wa semi, aliyebeba shaba kutoka Kolwezi, naye alisimama kupoza breki. Mjomba alipogusa kamba za turubai lake na kuambiwa ni shaba, alishtuka. "Mpaka leo?" Mpaka leo, Mzee. Wakakaa kivulini wakazungumza breki. Kanuni waliyokubaliana ni ile ile: mlima unaushuka kwa gia uliyoupandia. Yule kijana ana injini breki na ABS, lakini alisema wanaokufa Kitonga ni wale wanaoushuka kwa breki ya mguu tu.

Juu ya Kitonga hewa inabadilika kabisa. Ilula lori lilizima katikati ya soko la nyanya. Hewa ilikuwa imeingia kwenye njia ya dizeli. Fundi alilegeza nati za nozeli, akapiga pampu ya mkono mpaka mapovu yakaisha, tukaondoka na ndoo ya nyanya tuliyopewa bure. Mbele kidogo ni Lugalo, ambako Wahehe wa Mkwawa waliwashinda Wajerumani wa Zelewski mwezi Agosti 1891. Pale pana mnara, na mnara huo ni wa askari wa Kijerumani. Niliutazama nikapita.

Iringa hatukupanda mjini. Mjomba alitaka tu kuonyesha, kwa kidole, barabara ya Dodoma inayotoka pale, kwa sababu kabla ya Tanzam, yaani barabara hii ya Tanzania na Zambia, njia kuu ya kaskazini na kusini, ile Great North Road ya wakoloni, ilipita huko: Mbeya, Iringa, Dodoma, Arusha, Nairobi. Tanangozi tukasalimiwa "kamwene" na watoto, na Mafinga tukalala nyumbani. Niliegesha pale pale alipokuwa akiegesha Baba. Mama Mkubwa alitoka na khanga yake, akaishika taa ya mbele, akalia, kisha akaniuliza kama nimekula.

Kilichonifanya niandike haya kiko mbele ya Makambako. Barabara inashuka kutoka kwenye baridi ya juu kwenda Igawa, kwenye bonde la Usangu. Udongo wa chini kule masika ni mweusi, unashika tairi kama gundi. Mjomba alisimulia jinsi malori yaliyokwama yalivyopangana, mapipa yakashushwa yote, lori likavutwa tupu, kisha matingo wakaviringisha mapipa kwa mikono mpaka pakavu na kuyapakia tena kwa mbao mbili na kamba. Chakula kikiisha wanakijiji waliwapa uji.

Katikati ya mteremko akasema, "Simama." Alikuwa ameona jabali lililopasuka katikati. Tulishuka, tukaingia vichakani hatua chache, na kweli njia ya zamani ipo: tuta la udongo lililoota miti, na mfereji wake pembeni. Hapo, masika ya 1968, breki za Bedford ziliisha. Mjomba aliruka na kabari yake. Dereva hakuruka. Lori lililalia ubavu kwenye kona, mapipa yakamwangukia. Walimzika jirani na hapo, madereva wengine wakisimamisha malori yao na kuchimba kwa makoleo ya kuchimbulia tope, kwa sababu hapakuwa na namna ya kumfikisha kwao kwa njia ile. Walipanga mawe juu.

Tulitafuta mpaka jua likawa kali. Kaburi hatukuliona. Mawe yapo mengi, hakuna yanayosema lolote.

Dar es Salaam, upande wa Gongo la Mboto, wamezikwa wataalamu wa Kichina waliofariki wakati wa ujenzi wa reli. Makaburi yao yana majina, yanasafishwa, na viongozi huenda kuweka mashada. Ni haki yao kabisa, na mimi nimewahi kwenda. Bomba lina mabango yake kila linapopita. Lakini waliobeba mafuta kabla ya bomba na kabla ya reli, waliofanya taa za Zambia ziwake na malori ya migodini yatembee, hao sikuona hata jiwe lao moja lenye maandishi kwenye barabara yote hii ya zaidi ya kilomita 900. Nadhani serikali zetu mbili zinadaiwa. Jiwe moja Kitonga, jingine Igawa. Si gharama.

Mbeya tulipita kwa mvua, Mbalizi, Vwawa, na kilomita za mwisho kuelekea Tunduma tulijipanga kwenye foleni ya semi za Zambia na Kongo iliyokuwa haisogei. Mjomba aliteremka, akatembea kando ya foleni akiwasalimia matingo mmoja mmoja na kuwauliza wametoka wapi. Alirudi ameshiba mazungumzo.

Nimerekodi kwenye simu yote aliyoyasema njiani, na nimeweka alama za ramani: mahali pa maji, kona, kambi, jabali la Makambako. Kinachonisumbua ni jina la yule dereva. Mjomba halijui. Utingo hakumwita mkubwa wake kwa jina. Alimwita Dereva, na wengine walimwita hivyo hivyo. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, mrefu, mwenye pengo la jino la mbele, na mke wake alikuwa mjamzito masika yale. Huyo mtoto sasa atakuwa na miaka 57 hivi. Kama kwenu Rungwe kuna familia iliyoambiwa kwamba baba alikwenda Zambia na lori la tajiri wa Iringa mwaka 1968 asirudi, niandikieni. Kaburi lenyewe sijalipata, lakini kona naijua, na Mjomba yuko tayari kwenda nanyi mpaka pale.