Laki moja ya Sinza

Mwezi wa tano 2019 zamu yangu ya mchezo wa kupeana fedha ilifika. Nikashika laki sita taslimu, nikamwambia dada yangu kwamba nakwenda kusomea foreksi, ile biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni. Yeye anauza vitenge Kariakoo, Dar es Salaam. Akasema sawa, ila hiyo shule tukaione wote.

Kozi zilikuwa mbili. Moja ya wiki mbili, ukumbi wa hoteli Sinza, laki tano. Nyingine ya mzee wa Tabata, mstaafu wa benki, anafundisha watu wanne wanne barazani kwake kwa laki na nusu, na sharti lake ni miezi mitatu ya akaunti ya majaribio, yenye fedha za kuigiza, kabla hujagusa senti yako. Miezi mitatu! Nikamwona kapitwa na wakati.

Sinza palikuwa na kiyoyozi, maji ya chupa, na ufunguo wa gari juu ya meza, nembo imegeuziwa kwetu. Nakiri, ufunguo ule ndio ulionisajili. Kabla mwalimu hajafika mbali nilikuwa nimeshatoa laki moja ya kushika nafasi.

“Kwa loti 0.5, pipu moja ya euro kwa dola ni dola 5,” akasema. Loti ni kipimo cha ukubwa wa oda, pipu ni hatua ndogo ya bei kupanda au kushuka. “Pipu 20, mia hiyo!” Tukapiga makofi. Hakuna aliyesema kwamba zikienda upande wa pili, zile dola 100 alizotuagiza tuweke ndiyo kwaheri. Na akaunti lazima ifunguliwe kwa kiungo chake cha mtandaoni.

Kisha akazungusha simu tuone salio. Maelfu ya dola. Ilipomfikia dada, akaisogeza karibu na macho.

“Kaka, samahani, hapa pembeni pameandikwa Demo. Ndiyo nini?”

“Hiyo ya majaribio, ya kufundishia, dada yangu. Ya kweli mtaiona mkishamaliza ada.”

Akacheka, ukumbi ukacheka naye. Na mimi nikacheka. Hicho kicheko kinaniuma kuliko ile laki, ambayo hadi leo sijarudishiwa.

Kwenye daladala dada akaniuliza, “Tukifungulia kwake, yeye anapata nini?” Nikamweleza: kamisheni kutoka kwa broka, kampuni inayopitisha oda zetu, kwa kila oda, ushinde usishinde.

“Kumbe ana duka kama mimi.”

Jumamosi tukaenda Tabata. Mzee alikuwa na msuli na redio. Hakuchora chati. Aliuliza kama nakumbuka vibao vya maduka ya kubadilishia fedha, ambayo mwaka huo mengi mjini yalikuwa yamefungwa na serikali. “Bei ya kununua dola na ya kuuza zililingana?” Hapana. “Basi hata huku, ukibonyeza tu kununua umeshaanza na hasara. Daftari unalo?”

Sikuwa nalo. Akazihesabu hela mara mbili, akaniandikia risiti kwa mkono. Dada akaichukua, akaisoma mpaka mwisho, akaifunga kwenye pindo la khanga yake.